Tope Kwenye Kucha za Lukresia

Lukresia Masele alikuwa na kazi tatu kila asubuhi kabla ya kwenda shule: kufagia uwanja, kuwafungulia mbuzi, na kuchota maji ya ndama lamboni. Kazi mbili za kwanza alizifanya akinung'unika. Ya tatu aliifanya mbio, kwa sababu njiani watu walimwita kwa jina. "Muogeleaji wetu huyo!" walisema, naye aliitika kwa sauti ndogo ya mtu mnyenyekevu, ingawa unyenyekevu wenyewe haukuwepo.

Lambo hilo lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, nje kidogo ya Somanda, mjini Bariadi. Upande mmoja palikuwa na mwamba mpana na safi ambapo watoto waliingilia na kutokea. Upande wa pili, hatua ishirini na tano kutoka pale, ilisimama nguzo yenye kitambaa chekundu. Katikati yalikuwa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha mkono hadi kiwiko, vidole vyako huvioni tena.

Nguzo ile iliwekwa na Kocha Bundala. Mzee huyo alikuwa baharia wa meli za ziwani kwa miaka kumi na minane. Kisha mambo yakabadilika nchini. Mashirika yakauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na sanduku la bati, filimbi, na saa yenye mshale wa sekunde. Wenzake waliopunguzwa kazi waliuza mitumba, wengine wakawa mawakala wa wanunuzi binafsi wa pamba. Yeye asubuhi alilima bustani ya mboga, jioni alifundisha watoto kuogelea. Alikuwa na sababu yake. Mwaka aliorudi, mto Simiyu ulijaa na kumchukua mtoto wa dada yake akitoka shuleni.

"Mtoto wa kwetu anajua kulima, anajua kuchunga, anajua kukamua," alisema. "Maji tu ndiyo hayajui. Basi, atayajua."

Mafunzo yake yalikwenda kwa mpangilio. Kwanza mtoto alizamisha uso na kupuliza mapovu. Baada ya hapo alijifunza kuelea huku amekumbatia dumu tupu la mafuta ya kula. Mwisho wa yote ilikuja siku ya kuachia dumu, siku iliyowatoa wengi machozi. Kulikuwa na amri mbili ambazo mtoto akizivunja alirudishwa nyumbani: hakuna kuingia majini peke yako, na mwenzako akizama, usimfuate mikono mitupu, mtupie dumu lenye kamba. Kila mwisho wa muhula Kocha aliwapeleka hospitali kupimwa kichocho, maana maji yaliyotuama hufuga konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Aliyekutwa nacho alimeza dawa na kukaa nje ya maji mpaka dakta aseme.

Katika watoto wote kumi na wanane, hakuna aliyekwenda na kurudi kutoka kwenye ile nguzo upesi kama Lukresia. Mikono yake ilikata maji chap chap na kichwa chake kilitulia juu bila kuyumba.

"Shusha kichwa, Lukresia!" Kocha alipiga kelele kutoka mwambani. "Unaogelea kama unatafuta mtu sokoni!"

Watoto walicheka. Lukresia alishusha kichwa kidogo, halafu akakiinua tena. Hakuweza kukishusha zaidi, na sababu aliijua yeye peke yake.

Lukresia hakujua kuogelea.

Jambo lenyewe lilianza siku ya kuachia dumu. Siku hiyo aliachia, akazama, akameza maji ya matope, na hofu ikamshika. Akashusha miguu. Kumbe ardhi ilikuwa pale pale, udongo wa mfinyanzi, laini na baridi. Maji yalimfika kifuani tu. Akainama, akaanza kukanyaga kwa vidole na kujisukuma, huku mikono ikirusha maji kama waogeleaji. Alipofika kwenye nguzo, Kocha alipuliza filimbi kwa furaha. "Hongera, Lukresia! Umeweza!"

Angeweza kusema palepale. Lakini watoto walikuwa wanapiga makofi, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi kabla ya siku ile. Akanyamaza. Kesho yake kusema kukawa kugumu zaidi, na wiki iliyofuata kukawa kugumu mara mbili. Miguu yake ilikuwa na nguvu za kufuata plau la ng'ombe shambani, kwa hiyo kadiri alivyozoea kusukuma udongo ndivyo alivyowapita wenzake waliokuwa wanahangaika kuelea kweli.

Mtu mmoja tu nusura agundue, naye hakujua alichokigundua. Wenzake walitoka majini miguu ikiwa safi, maana waliingia na kutoka kwa kupitia mwambani. Lukresia alirudi nyumbani na tope la kijivu chini ya kucha za miguu.

"Ng'wanone, mwanangu," mama yake alimuuliza, "huko lamboni mnaogelea au mnafinyanga vyungu?"

"Tunaogelea, mayu," alijibu Lukresia, akificha miguu chini ya kigoda.

*

Mwezi wa kumi ikaja barua kutoka Mwanza. Shule moja ya bweni yenye bwawa la kuogelea ingeandaa mashindano ya watoto mwanzoni mwa Desemba. Kundi la Kocha Bundala lilialikwa kuleta msichana mmoja na mvulana mmoja, mita hamsini. Mnunuzi mmoja wa pamba aliahidi kuwachukua kwenye lori lake.

Kocha alipanga mchujo. Ukame ulikuwa umekunywa lambo, maji yakawa chini kuliko wakati wowote. Lukresia aliondoka mwambani, akageuka kwenye nguzo, akarudi. Nyuma yake alifuata Milembe, rafiki yake na jirani yake, ambaye alikuwa amechukua miezi minne kujifunza kuelea na alikuwa bado anahema kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Lakini Milembe hakuwahi kugusa chini.

"Wa kwanza Lukresia, wa pili Milembe," Kocha alitangaza. "Msichana wa Mwanza ni Lukresia."

Milembe alimkumbatia, maji yakiwachuruzika wote wawili. "Ukifika huko uwaoneshe," alimwambia. Wala hakuwa na kinyongo. Ndilo lililomchoma Lukresia zaidi ya yote.

Baba yake, mzee Masele, alikuwa mtu wa maneno machache mpaka apate la kujivunia. Jioni ile hakuna aliyepita mbele ya nyumba bila kusimuliwa. Jumamosi alikwenda mnadani, akachimbua rundo zima la mitumba na kurudi na vazi jekundu la kuogelea, zuri, lisilo na hata tundu moja.

"Mwanangu ataonekana kutoka mbali," alisema, akilinyoosha mbele ya mke wake.

Lukresia alilijaribu. Lilimkaa sawasawa. Aliingia chumbani, akakaa kitandani na kutamani lingembana.

*

Mwishoni mwa mwezi huo mvua ikaanza, na haikuwa mvua ya mchezo. Wakubwa wataikumbuka, ndiyo mvua iliyoitwa Elinino. Ilinyesha leo, ikanyesha kesho, barabara zikakatika, na lambo likapanda siku hadi siku. Mwanzoni mwa Novemba, kitambaa chekundu kilichokuwa juu ya kichwa cha mtu mzima kilikuwa kinagusa maji.

Lukresia alisimama mwambani na dumu lake la maji ya ndama, akaangalia. Chini ya maji yale hapakuwa tena na ardhi ya kukanyaga.

Kuanzia hapo Lukresia akawa mgonjwa. Jumatatu kichwa kilimuuma. Jumatano ilikuwa tumbo. Ijumaa alisema ana malaria, na hapo alikosea hesabu, kwa kuwa baba yake hakuwa tayari kuona muogeleaji wake akiharibika. Alimpandisha baiskeli moja kwa moja mpaka hospitali. Walimtoboa kidole, wakatazama damu, wakasema mtoto ni mzima.

"Basi ni uchovu," alisema mzee Masele njiani. "Kuanzia leo usichote maji. Pumzika."

Sasa ndama walichotewa maji na mama, ambaye mgongo wake haukuwa mzima. Lukresia alimwangalia akipanda na dumu, akajisikia vibaya kuliko angekuwa na malaria yenyewe.

Jioni Milembe alikuja kumjulia hali. Alileta karanga za kuchemsha.

"Kocha anasema bwawa la Mwanza lina kina cha mita tatu," alieleza, akimenya. "Na maji yake ni meupe! Ukidondosha shilingi unaiona chini. Watu wamekaa pembeni wanaona mpaka kucha zako."

Lukresia alivuta miguu yake chini ya kigoda.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akakata shauri. Hakukata shauri la kusema. Alikata shauri la kujifunza kwa siri, haraka haraka, ndani ya wiki tatu, ili uongo wake ugeuke kuwa kweli kabla haujajulikana. Alichukua dumu, akamwambia mama atachota mwenyewe, akaenda.

Lamboni hapakuwa na mtu. Aliweka dumu mwambani, akaingia majini taratibu. Hatua ya kwanza, mwamba. Hatua ya pili, mwamba. Hatua ya tatu hapakuwa na kitu.

Maji yalimfunika. Alitafuta udongo kwa vidole kama alivyozoea, akateremka, na udongo haukuja. Akatapatapa, akatoka juu, akavuta pumzi nusu na maji nusu, akazama tena. Alitaka kupiga kelele lakini sauti haikuwepo.

Milembe alikuwa anateremka njiani na ndoo yake. Aliona mkono. Aliitupa ndoo, akakimbia mpaka mwambani, na hapo mguu wake mmoja ukawa tayari umeingia majini kabla hajakumbuka amri ya pili. Aliurudisha. Alinyakua dumu la Lukresia lililokuwa tupu, akafunga mfuniko, akafungua kanga kiunoni na kufunga ncha yake kwenye mshikio, akalitupa.

"Shika dumu! Lukresia, shika dumu!"

Mara ya kwanza lilianguka mbali. Mara ya pili Lukresia alilikumbatia kwa mikono yote miwili, na Milembe akavuta, kidogo kidogo, mpaka akamfikisha kwenye mwamba. Lukresia alikohoa na kutapika maji. Walikaa hapo wote wawili wanatetemeka.

"Wewe," Milembe alisema mwishowe, "wewe hujui kuogelea."

Lukresia alikubali kwa kichwa.

"Siku zote?"

"Nilikuwa natembea. Chini. Kwa vidole."

Milembe alitazama maji, akamtazama rafiki yake, akatazama maji tena. Macho yake yalijaa. "Mimi nilikaa nalia nyumbani," alisema. "Nilijiuliza kwa nini nafanya kila anachosema Kocha na bado sikupati. Mayu akaniambia labda wewe umejaliwa na mimi sikujaliwa."

Lukresia aliona afadhali angepigwa kofi.

"Utanisema kwa Kocha?"

"Mimi? Sisemi." Milembe alisimama, akakamua kanga yake. "Sema wewe. Una mdomo."

*

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazoezi ya wote. Saa tisa alasiri watoto walikuwa wamejaa mwambani, na mzee Masele pia alikuwepo, kwa sababu alisikia mwanawe amepata nafuu na akataka kumwona akifanya mazoezi. Alikuwa amelibeba lile vazi jekundu, limefungwa kwenye gazeti.

Mara mbili Lukresia aligeuka kurudi nyumbani, mara mbili akajikaza. Alikwenda mpaka mbele ya Kocha.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Umepona? Vaa upesi, maji ya kina ndiyo haya, tuanze kuyazoea."

"Kocha, mimi siwezi kuogelea."

"Bado una homa?"

"Sina homa. Sikuwa nayo. Sijui kuogelea, Kocha. Maji yalipokuwa machache nilikuwa nakanyaga chini na kurusha mikono, ndiyo maana nilirudi nyumbani na tope kwenye kucha. Sijawahi kuelea hata siku moja. Aliyeshinda mchujo ni Milembe. Na leo asubuhi niliingia peke yangu nikazama. Milembe ndiye aliyenitoa kwa dumu."

Mtoto mmoja akacheka, na mwenzake akamsukuma kiwiko anyamaze. Mzee Masele aliinama, akaliweka lile gazeti chini pole pole. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akageuka kuangalia upande wa mashamba.

Kocha Bundala alitoa filimbi shingoni. Akavua saa. Akavua shati, akaviweka vyote juu ya mwamba. Halafu, mbele ya watoto waliokuwa hawajamwona majini kwa mwaka mzima, akaingia lamboni na suruali yake.

"Nimekasirika," alisema akielea, maji yakimfika mabegani. "Nimekasirika na wewe, Lukresia, maana Mwanza ungepiga mbizi kwenye mita tatu, na baba yako angesikia kwa simu kilichotokea. Lakini nimejikasirikia na mimi. Zamani niliingia na kila mtoto. Mlipokuwa wengi nikaona nikae juu na filimbi. Nilitazama mikono na kichwa, miguu sikuitazama. Kosa lako ni lako, na langu ni langu. Leo tunayatengeneza yote mawili. Ingia."

"Nianzie wapi, Kocha?"

"Kwenye mapovu. Pamoja na wale."

Wale walikuwa watoto wa miaka saba. Lukresia, mwenye miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wote, alijipanga katikati yao, akazamisha uso na kupuliza. Watoto wadogo walifurahi sana kupata mwenzao mkubwa asiyejua kitu.

Kabla ya kuondoka, alilichukua lile gazeti, akalifungua na kumpa Milembe vazi jekundu.

"La kwako. Baba, nimpe?"

Mzee Masele aliligeukia lile vazi. "Mpe," alisema. "Nililinunua kwa ajili ya anayekwenda Mwanza."

*

Wiki zilizofuata hazikuwa nyepesi. Shuleni waliomcheka walimwita Kiboko, kwa kuwa kiboko naye hutembea chini ya maji. Lakini kila jioni Lukresia alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Kuelea na dumu kulichukua siku nne. Siku ya kuachia dumu ilipofika, hofu ile ile ilimrudia, na miguu ikaanza kushuka yenyewe kutafuta udongo.

"Miguu iko wapi?" Kocha aliuliza. Safari hii alikuwa ubavuni pake, mkono wake chini ya mgongo wa Lukresia.

"Inashuka, Kocha!"

"Ipandishe. Hakuna kitu huko chini. Kila unachokihitaji kiko huku juu."

Alizama mara tano. Mara ya sita alielea akihesabu mpaka kumi. Alilia, na wala hakujificha.

Milembe na mvulana aliyechaguliwa walikwenda Mwanza juu ya marobota ya pamba, wakarudi baada ya siku tatu. Milembe alishika nafasi ya nne kati ya wasichana tisa, wengi wao watoto wa mjini wenye kofia za mpira na miwani ya kuogelea. Watu wa mtaa walimpokea kwa vigelegele, na kigelegele kirefu kuliko vyote kilitoka kwa mama yake Lukresia.

"Maji yale," Milembe alimnong'oneza rafiki yake, "ungeonekana wote, mpaka kucha."

"Najua," alisema Lukresia. "Kesho njoo lamboni."

Kesho yake alisimama mwambani. Kocha alikuwa majini, katikati ya njia. Mama alikuja na kigoda chake, na mzee Masele alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Lukresia aliingia. Alikwenda pole pole, kichwa chini, akigeuza uso pembeni kuvuta pumzi. Mtoto yeyote katika kundi angempita. Karibu na nguzo alichoka, akalala chali, akaelea kidogo akiangalia mawingu, halafu akageuka na kuanza kurudi. Hatua ishirini na tano za kurudi zilimchukua muda mrefu mpaka mama akainuka kigodani. Lakini alifika. Alishika mwamba kwa vidole vya mikono na kujivuta juu, akihema.

Kocha alitoka nyuma yake akidondosha maji, akawatazama watoto wote.

"Mmeona?" alisema. "Nilipokaa mwambani na saa, Lukresia wa wakati ule alikwenda upesi kuliko huyu wa leo. Lakini yule angekufa maji kwenye mto wa kwanza, na huyu wa leo atavuka. Mtu akisifiwa kwa asichokiweza, anabaki hakijui, na sifa hizo hazitamshika mkono siku ya hatari. Usipojua, sema hujui. Ni aibu ya siku moja, halafu unafundishwa. Na sisi tunaofundisha, tuingie majini tuone miguu."

Mzee Masele alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Alichuchumaa mbele ya mwanawe. Hakusema hongera. Alimshika mguu mmoja, akauinua kwenye mwanga, akazichunguza kucha moja baada ya nyingine kama anavyochunguza kwato za ndama, kisha akaugeukia ule wa pili.

"Mama Lukresia," alimwita mke wake, "njoo uone. Miguu ya mwanao haina tope."